Inhela ya unga inategemea pumzi yako

Nina pumu tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilitumia inhela ya kubonyeza, ile ambayo wengi wetu tunaiita pampu. Daktari aliponihamishia kwenye inhela ya unga, kabla hata hajaniandikia cheti alinipa kifaa kitupu cha kufundishia na kunivutisha mbele yake mpaka akaridhika. Bado namshukuru kwa dakika zile. Tangu hapo nimekutana na watu wengi waliokabidhiwa kifaa kikiwa ndani ya boksi lake, wakaambiwa tu "asubuhi na jioni". Baada ya muda wanalalamika kwamba dawa haiwasaidii. Ukiwaangalia wanavyoivuta, unaona kwamba dawa ni nzima ila haifiki kifuani.

Pampu ina gesi ndani yake. Ukibonyeza, dawa inaruka yenyewe, na ndiyo maana tunafundishwa kuivuta polepole. Inhela ya unga haina gesi wala kitu chochote cha kusukuma. Unga umetulia, chembe zake za dawa mara nyingi zimeshikana na laktosi, sukari ya maziwa, na kinachozitimua na kuzitenganisha ziwe ndogo kiasi cha kupenya hadi ndani ya mapafu ni nguvu ya pumzi yako wewe. Ukivuta kinyonge, sehemu kubwa inaishia mdomoni na kooni. Kwa hiyo vuta kwa nguvu tangu mwanzo kabisa, usianze taratibu ukakazana mwishoni. Ni kama kuvuta dafu ambalo mrija wake umezibwa na nyama: ule mvuto wa kwanza ndio unaofungua njia.

Na huwezi kuvuta kwa nguvu kama mapafu yamejaa. Hapa ndipo wengi wanaporuka hatua. Kaa wima au simama, andaa dozi, kisha geuza uso pembeni na utoe pumzi yote unayoweza kuitoa bila kujiumiza. Nasema pembeni kwa sababu ukipulizia ndani ya kifaa, unga uliokwisha kuandaliwa unapeperuka, na mvuke wa mdomo unaugandisha uliobaki. Baada ya hapo fumba midomo sawasawa kwenye mdomo wa inhela, ulimi usizibe njia, vuta kwa nguvu na kwa kina. Toa kifaa mdomoni, zuia pumzi hadi sekunde 10, au kadiri utakavyoweza, ndipo upumue. Kama umeandikiwa dozi mbili, andaa ya pili upya na urudie yote.

Kuandaa dozi kunatofautiana kwa aina. Rotahaler unaiwekea kapsuli, unazungusha ili ifunguke, unavuta, kisha unaichungulia. Ukiona unga umebaki, vuta tena. Kapsuli hizo si za kumeza. Diskus ina kishikio kidogo unachokisukuma mpaka kilie, na usikichezee, maana kila kikilia dozi moja imekwenda. Turbuhaler unaishika wima, unazungusha kitako chake mpaka mwisho, kisha unakirudisha mpaka usikie mlio.

Hiyo Turbuhaler ndiyo aliyokuwa nayo shangazi yangu wa Tanga. Nilimkuta akiitikisa sikioni. "Bado imejaa mwanangu, sikia inavyocheza." Nikamwonyesha kidirisha chake kilichopo ubavuni: kilikuwa kimefika sifuri. Kinachocheza mle ndani ni chembe za kukausha unyevu, na zitalia hata dawa ikiwa imekwisha. "Shangazi, hapa ulikuwa unavuta hewa tupu." Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali la maana sana: mbona sikuhisi tofauti mdomoni? Ni kwa sababu dozi ni ndogo mno. Wengi hawaisikii ladha wala vumbi hata ikiwa imeingia vizuri. Basi amini namba, na kanunue nyingine mapema. Kwenye Diskus namba tano za mwisho huandikwa kwa rangi nyekundu.

Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, unyevu. Unga ukipata maji hushikana, na pumzi haiwezi tena kuutawanya. Usiiweke bafuni wala karibu na birika linalochemka. Funika mara ukimaliza. Mdomo wa Diskus au Turbuhaler ufute kwa kitambaa kikavu, usiuoshe. Kapsuli itoe kwenye pakiti yake wakati ule ule wa kuivuta.

Kama dawa yako ina steroidi, aina ya dawa ya kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa, sukutua kinywa na koo kwa maji kisha uyateme, kila mara. Usipofanya hivyo unaweza kupata fangasi, utando mweupe ulimini, au sauti ikakauka. Mimi naivuta kabla ya kupiga mswaki, hivyo sisahau.

Muulize daktari inhela yako ni ya kazi gani. Nyingi ni za kuzuia, zinatumiwa kila siku hata ukijisikia mzima. Yenye budesonidi na fomoteroli anaweza kukuandikia uitumie hata ukibanwa kifua. Yenye salmeteroli haifai kwa dharura, inachelewa kufanya kazi. Watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka 5, kwa kawaida hawana pumzi ya kutosha kuvuta unga. Wao huwafaa pampu pamoja na spesa, chombo chenye uwazi kinachochomekwa kwenye pampu, yenye barakoa. Na mtu mzima aliyebanwa mpaka hawezi kumaliza sentensi asikae nyumbani akijaribu kuvuta unga: atumie dawa ya dharura aliyoandikiwa huku akikimbizwa hospitali.

Siku ya kliniki, beba inhela yako mkononi, hata kama umeitumia kwa miaka. Mwombe muuguzi au mfamasia akutazame ukivuta dozi moja mbele yake.