Mzee Asipotaka Kuhama: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu na Malindi

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 76 na anaishi peke yake Matondoni, kisiwani Lamu, tangu baba alipofariki. Hivi karibuni aliteleza usiku akielekea chooni, akaumia nyonga, ingawa kwa bahati hakuvunjika. Ndugu zangu wameshaamua kwamba aletwe Mombasa akae nasi kwa zamu, lakini mwenyewe hataki hata kulisikia jambo hilo. Je, tumlazimishe, au ipo njia ya kumwacha nyumbani kwake nasi tukapata usingizi? — Msomaji wa kike, Kisauni

JIBU: Dada yangu, pole kwa yaliyompata mama. Kabla hamjajadili alale wapi, jueni kwanza ni nini kilichomwangusha, kwa kuwa huenda sababu hiyo akaja nayo Mombasa. Baadhi ya dawa za presha humtia mzee kizunguzungu anapoinuka ghafla kitandani. Macho yakishaingia mtoto wa jicho, kizingiti alichokizoea tangu ujana hakionekani tena gizani. Na sukari isiyodhibitiwa humwamsha mtu kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, na kila safari ni nafasi nyingine ya kuteleza. Mwombeni mhudumu wa afya ya jamii ampime presha akiwa amelala, kisha ampime tena baada ya kusimama dakika moja, na baada ya dakika tatu. Ikiwa namba ya juu itashuka kwa 20 au zaidi, mama apelekwe zahanati ili dawa zake ziangaliwe upya, wala asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Mtoto wa jicho nao huondolewa kwa upasuaji mfupi, na nimewaona wazee waliokuwa wakiongozwa kwa mkono wakirudi kujipikia chai.

Wahudumu hawa si jambo la kufikirika. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuwapa mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari na simu, na kila mmoja hutarajiwa kuangalia nyumba zipatazo 100. Kwa hiyo ukifika zahanati usiulize kuna huduma gani, maana utajibiwa kwa orodha ndefu na urudi mikono mitupu. Uliza nyumba ya mama yako imo katika orodha ya nani, na mtu huyo hupita siku gani. Msaada usio na jina la mtu wala siku ya juma haujafika nyumbani, hata kama umeandikwa kwenye mabango yote ya kaunti.

Hakikisheni pia kwamba mama amesajiliwa katika SHA, bima ya afya ya taifa, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF. Usajili hufanyika hata kwa simu kwa kupiga *147#. Matibabu ya zahanati na kituo cha afya hugharimiwa na mfuko wa huduma za afya ya msingi kwa kila aliyesajiliwa. Akilazwa hospitali kubwa, hata hivyo, ni mchango uliolipwa ndio utakaomfaa, na asiye na mshahara huulipa kwa mwaka mzima, kiwango cha chini kikiwa sawa na shilingi 300 kwa mwezi. Hilo ndilo fungu ambalo ndugu zako wangelichangia mara moja badala ya kubishana kila wiki kwa simu.

Sasa nyumba yenyewe. Fundi yeyote wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, anaweza kukaza boriti nyembamba za mikoko ukutani kutoka kitandani hadi chooni, kwa kimo cha kifundo cha mkono wa mama akiwa amesimama wima, na kuzilainisha kwa randa zisimchome vijiti. Ukingo wa kila kidato upakwe chokaa nyeupe ili uonekane hata kwa mwanga hafifu. Pawe na taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha, na mtungi wa maji uwekwe juu ya kinara imara asiiname kuteka. Kitanda kiwe na kimo cha kumwezesha kukalia ukingoni nyayo zote mbili zikigusa sakafu. Vitanda vingi vya zamani ni virefu mno, na kukata miguu ya kitanda ni kazi ya msumeno na nusu saa. Mkeka ulio mlangoni uondolewe, ingawa najua atanung'unika, kwa sababu pengine aliusuka mwenyewe.

Kinachobaki ni mtu wa kupita kila asubuhi, na hapa ndipo watoto walio mbali hukosea: hutuma pesa, wakadhani wamemaliza. Zungumzeni na jirani mmoja anayekubalika kwa mama, si kwenu, na mumlipe kiasi kinachojulikana kila mwisho wa mwezi. Jirani wa kujitolea huona haya kusema kwamba amechoka, naye mama huona haya kumwita, lakini kwenye malipo yaliyokubaliwa haya hizo hupungua pande zote mbili. Wakubaliane pia alama: dirisha la mbele likiwa bado limefungwa jua likishapanda, jirani abishe hodi, na asipoitikiwa aingie. Ufunguo wa pili akae nao yeye.

Wala msimnyang'anye kazi zake kwa kumhurumia. Ikiwa bado anasuka ukili, auendeleze. Ikiwa anapenda kupika mwenyewe, jirani amletee kuni na samaki, amwachie jiko. Mwili usiotumika hudhoofika haraka sana uzeeni, na mzee anayefanyiwa kila kitu huishia kulala kitandani mapema kuliko ilivyompasa.

Upo wakati ambapo kukaa peke yake hakufai tena: akianza kusahau moto jikoni, kupotea njia aliyokuwa akiijua, au kushindwa kuinuka bila kushikwa. Jambo hilo msimfiche. Mwelezeni mapema, akili yake ikiwa timamu, ili achague mwenyewe atakwenda kwa nani kati yenu, au ni mjukuu gani atakayehamia kwake, maana kuhama si lazima kuwe kwa mzee.

SWALI: Nina miaka 72, ninaishi Langobaya. Pesa za Inua Jamii huchukuliwa na mwanangu kwa niaba yangu kwa sababu miguu hainibebi hadi mjini. Hunipa kidogo, na nikiuliza hukasirika. Je, pesa hizi ni zangu au ni za nyumba? — Mzee msomaji, kupitia kwa mjukuu

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Pesa hizo ni zako. Inua Jamii ni mpango wa serikali unaowalipa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi, na tangu 2018 umewalenga wote waliotimiza miaka 70 wasiokuwa na pensheni, si maskini waliochaguliwa peke yao. Anayekupokelea ni msaidizi uliyemtaja wewe, na aliyetajwa anaweza kubadilishwa. Mweleze chifu au naibu wake, kisha uombe kupelekewa suala lako kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lako. Chukua kitambulisho, na uende na mtu unayemwamini ambaye si mrithi wako. Wanufaika wana kamati zao pia, na mara nyingi mjumbe wa kamati huyamaliza mambo haya chini ya mwembe bila kufika ofisini, jambo ambalo kwa maoni yangu ni bora, kwa kuwa kesho bado utakula na mwanao.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Nakuomba mjukuu akusomee kifungu hicho chote, kwa sauti, baba yake akiwapo.

Neno moja zito zaidi. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa baada ya kuitwa wachawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna shamba linalotakiwa. Ukisikia mtu yeyote, hata wa damu yako, akilitumia neno hilo juu yako, usilichukulie kuwa ni hasira ya siku moja. Piga ripoti polisi na kwa chifu siku hiyo hiyo, na usilale peke yako.

SWALI: Chama chetu cha akina mama hapa Mambrui kimeweka akiba kidogo nasi tunataka kuwasaidia wazee wanaoishi peke yao. Tuanze na nini? — Katibu wa chama

JIBU: Dada Katibu, anzeni na chakula, kwa sababu anayeleta sahani hahitaji kueleza amekuja kufanya nini. Nchini Uingereza, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanawake wa kujitolea walianza kwa kuwapelekea watu chakula cha moto majumbani, na huduma hiyo ikaendelea kwa wazee baada ya vita. Ninyi mna mwanzo ulio karibu zaidi: futari mnayowapelekea majirani mwezi wa Ramadhani. Teueni wazee wachache, si kijiji kizima, na kila mzee awe na mwanachama mmoja anayempelekea sahani siku ile ile ya juma, mwaka mzima. Mpelekaji akae, ale naye, atazame: je, dawa zimebaki ngapi, maji yapo, miguu imevimba, sahani ya wiki iliyopita ilioshwa? Atakayoyaona ayaandike katika daftari la chama na kumfikishia mhudumu wa afya ya jamii. Wenye sukari na presha wapikiwe bila chumvi nyingi wala tui zito. Akiba yenu msiinunulie fulana za chama. Nunueni kwanza bakora zenye mpira chini, kisha muone kinachobaki.