Mpira wa Moto Katika Onyesho la Fataki: Ushauri kwa Anayeutamani

Kila mwaka tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, inapokaribia, ndugu zetu wa Afrika Mashariki tunaoishi nao huku Marekani huniuliza namna ya kuweka katika sherehe zao ule mpira mkubwa wa moto wanaouona ukipanda kutoka ardhini katikati ya maonyesho ya fataki. Huniuliza kwa sababu wanajua kwamba mimi hujitolea kama msaidizi katika kikundi cha wapenda fataki kinachoongozwa na watu wenye leseni. Jibu langu ni lile lile siku zote: usijaribu nyumbani, usijaribu peke yako, wala usihangaike kutafuta mchanganyiko wake mtandaoni. Ufundi wa jambo hili hauko katika mafuta yanayowaka, bali uko katika uwanja, upepo, umbali na watu waliokuzunguka, na hayo hujifunzwa kwa kusimama pamoja na waliokutangulia.

Anayeutazama kwa mbali huona mwanga tu. Anayesimama mahali pa wahudumu huhisi kwanza joto usoni, kwa kuwa joto hilo husafiri pamoja na mwanga na hufika kabla ya mshindo. Kisha huona moto ukijikunja kwa nje kwenda juu, rangi yake ikiwa ya machungwa kwa sababu ya chembe za masizi zinazong'aa ndani yake, na kileleni moshi mweusi ukianza kuufunika. Yote hayo huchukua sekunde chache. Katika sekunde hizo hakuna mtu anayeweza kuurudisha moto ulikotoka, kwa hiyo kila uamuzi wa usalama ni lazima uwe umekwisha kufanyika mapema.

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni umbali. Kwa makombora ya fataki yanayorushwa angani, kanuni ya NFPA 1123, iliyotungwa na chama cha Marekani cha kinga dhidi ya moto (NFPA) na inayofuatwa sana hapa, hudai futi 70 za nafasi kwa kila inchi ya kipenyo cha kombora, maana yake kombora la inchi 3 huhitaji futi 210, yaani takriban mita 64, na la inchi 6 huhitaji futi 420. Maonyesho ya ndimi za moto mbele ya watazamaji yana kanuni yake, NFPA 160, na mwenye leseni ndiye anayepaswa kuisoma na kuitumia kulingana na uwanja husika. Wanaoanza huona umbali huo kama unawanyima watazamaji raha. Mimi nasema ndio unaowapa raha, kwa sababu mtu anayeogopa kuungua hafurahii chochote.

Upepo unahitaji jicho la kudumu. Sisi hufunga kitambaa chepesi juu ya mti mrefu na kumpa mtu mmoja kazi ya kukitazama tangu mchana, naye ana mamlaka ya kusimamisha kila kitu. Mvuke wa petroli na gesi ya propeni ni mizito kuliko hewa, na kwa hiyo hutambaa chini na kutulia katika mabonde na mitaro, mahali ambapo macho hayauoni. Ndiyo maana uwanja wenye mashimo hukataliwa hata kama mandhari yake ni nzuri, na nyasi kavu hufyekwa na kumwagiwa maji kabla vifaa havijaletwa. Kuhusu mavazi, vaa pamba yenye mikono mirefu, kwani vitambaa vya nailoni na poliesta huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Katika kupanga onyesho lenyewe, ningekuomba uwe mchoyo. Mpira wa moto mmoja uliowekwa mahali pake hushinda mitano inayofuatana, maana macho ya watazamaji yakishapigwa na mwanga huo huhitaji muda kabla ya kuona tena rangi laini za angani. Uweke mwishoni mwa sehemu ya muziki, ukiacha giza fupi baada yake, na upande ambao upepo utauondoa moshi mbele ya watu badala ya kuwafunika.

Ndani ya jengo, sahau kabisa. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa The Station huko West Warwick, Rhode Island, cheche za fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani, na watu 100 wakafariki. Miaka kumi baadaye, Januari 2013, watu 242 walikufa katika klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazili, kwa namna inayofanana mno na hiyo. Siwezi kuandika idadi hizo bila uchungu, kwa kuwa wale walikuwa vijana waliokwenda kusikiliza muziki.

Anayetaka kuingia kihalali ana mlango ulio wazi. Chama cha Pyrotechnics Guild International, kilichoanzishwa mwaka 1969, hutoa mafunzo kwa waendeshaji wa maonyesho, na fataki kubwa za maonyesho haziuzwi kwa mtu asiye na leseni au kibali cha shirika la serikali kuu, ATF, ambalo humchunguza mwombaji kwanza. Sheria za majimbo hutofautiana; Massachusetts, kwa mfano, humkataza raia wa kawaida hata fataki ndogo. Uliza idara ya zimamoto ya mji wako kabla ya kununua chochote.

Onyesho likiisha, usiwaruhusu watoto kuingia uwanjani. Mkuu wa kazi husubiri kwanza, kisha hukagua kwa tochi mitutu yote ya kurushia makombora na kumwagia maji kila kinachofuka, na asubuhi yake tunarudi kupita uwanja mzima kwa mstari, mtu kando ya mtu, kutafuta makombora ambayo hayakulipuka.