Mdogo wangu, kijijini Ufaransa utaanza na bonjour

Juzi msomaji mmoja anayeishi pembeni mwa Paris ameniandikia: "Dada, umenitamanisha kijiji. Kodi ndogo, hewa safi, kelele hakuna. Nifungashe?" Nimecheka, halafu roho ikanirudi nyuma miaka sita.

Mie nakaa Creuse, katikati ya Ufaransa. Mkoa mzima una watu kama 115,000, na ng'ombe wekundu wa Limousin nahisi wametuzidi. Nyumba ni za mawe, nusu yake zimefungwa mpaka Agosti wenyewe waje likizo. Ofisi ya meya hufunguliwa asubuhi mbili kwa wiki. Basi usilitegemee, leseni ya gari kwanza.

Siku ya pili tu baada ya kuhamia niliingia duka la mkate nikasema, "Une baguette," yaani mkate mmoja mrefu. Mama muuzaji akanitazama. "Bonjour, madame," yaani habari za mchana, mama. Nikarudia baguette, nikidhani hajasikia. Akarudia bonjour, sauti imepanda, na foleni nzima kimya. Mie, mtoto wa Tanga, niliyelelewa na bibi aliyekuwa akinirudisha mlangoni nikipita bila shikamoo! Nani alitudanganya kuwa Wazungu hawana habari na salamu? Miezi tisa nilinunua mkate supamaketi, kilomita 18, kwa ajili ya aibu ile.

Basi salimia. Salimia dukani, njiani, posta, hata aliyekununia. Ubaguzi upo, sikatai, lakini wengine tunajifungia ndani na kuuita ubaguzi.

Kilichonifungulia mlango ni tarehe 11 Novemba, siku ya kukumbuka mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Jirani yangu mzee aligonga, akaniambia vaa koti, twende. Mbele ya mnara wa kumbukumbu meya akasoma majina ya vijana wa kijiji waliokufa vita ya 1914 hadi 1918, na kila jina watu wakaitikia, "Mort pour la France," amekufa kwa ajili ya Ufaransa. Majina matatu ni ya ukoo mmoja, na ukoo huo huo uko kwenye sanduku la barua la jirani yangu. Baadaye ukumbini, wenzangu na mvinyo, mie na juisi, wakaniuliza kama kwetu vita ile ilifika. Nikawaambia babu yake bibi alibebeshwa mizigo ya askari, hakurudi, na jina lake halikuchongwa popote. Mzee akaniuliza aliitwa nani. Nikamtajia. Akalirudia polepole mpaka akalipata.

Tangu hapo naalikwa. Kwa hiyo ukiitwa, nenda, hata kama baridi inakata masikio. Nenda na usalimie.

Julai hii wameniomba nipike pilau ya karamu ya kijiji, sahani 80. Yule mama wa mkate naye alipanga foleni. Alipofika kwenye sufuria yangu nilishika mwiko, nikatabasamu, nikamngoja mpaka aseme bonjour.