Maswali Yenu: Mtoto Mchanga na Mfuko Unaovuja

Mtoto wangu ana miezi 2 na pampasi zinamaliza karibu kila kinachobaki baada ya kodi ya nyumba. Nikihamia nepi za kitambaa nitaokoa kweli, au gharama itahamia tu kwenye maji na sabuni? (Mama wa mmoja)

Utaokoa, mradi usinunue nepi nyingi kupita haja na usiziue kwa kuzifua vibaya. Hapo kwenye kufua ndipo wengi wanapokwama.

Mtoto wa umri huo hubadilishwa mara 8 hadi 10 kwa siku. Ukifua kila siku ya pili, nepi 24 zinatosha. Ukifua kila siku, hata 15 zitakuvusha. Ongeza chupi 5 za juu zisizopitisha maji. Hizo hazibadilishwi kila mara: hupanguswa na kuvishwa tena, isipokuwa zimeguswa na choo.

Nepi mpya za pamba zifue mara 4 au 5 kabla ya kuzivisha, kwa sababu pamba bado ina mafuta yake ya asili na hainywi maji vizuri. Anayezivisha siku ile ile huona zinavuja, anakata tamaa, anarudi kwenye pampasi.

Choo kidondoshe chooni, kisha suuza nepi kwa maji baridi. Maji ya moto yakitangulia hukamatisha doa. Baada ya hapo fua kwa maji ya nyuzi 60 na sabuni ya unga kwa kipimo cha kawaida. Sabuni ikizidi haitoki yote. Hubaki ndani ya kitambaa, hunasa mkojo, na nepi hutoa harufu kali ya amonia mara tu ikilowa. Ngozi ya mtoto nayo huanza kuwa nyekundu. Ikifikia hapo, fua tena kwa maji ya moto bila sabuni mpaka povu liishe. Dawa ya kulainisha nguo isikaribie nepi, maana huacha utando unaozuia kunyonya. Krimu nzito za vipele hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo siku za vipele tandika kipande cha kitambaa chepesi ndani ya nepi. Chupi za juu usizichemshe, utando wake utabanduka na lastiki italegea. Madoa sugu yaachie jua.

Usiku mvishe pampasi, hakuna ubaya: moja badala ya tisa bado ni nafuu kubwa. Unapozinunua, gawanya bei kwa idadi iliyomo, kwani pakiti kubwa si lazima iwe nafuu. Usikimbilie saizi inayofuata, kwa kuwa kwa kawaida pakiti ya bei ile ile huwa na chache zaidi. Wala usilundike saizi ndogo. Mtoto ataipita zikiwa bado kabatini.

Maziwa ya kopo yanaisha upesi. Jirani anashauri niongeze maji kidogo. Na je, kopo la bei kubwa ni bora? (Baba wa mtoto wa miezi 5)

Usiongeze maji hata kidogo. Maziwa mepesi humnyima mtoto nguvu ya kukua, na maji yakizidi sana chumvi ya damu hushuka mpaka akapata degedege. Kujaza kijiko mlima nako ni hatari. Tumia kijiko cha kopo hilo hilo, kisawazishe, ufuate kipimo kilichoandikwa.

Pesa yako inapotea kwenye mabaki. Mtoto akibakiza mililita 30 kila mlo, kwa milo 6 ni mililita 180 kwa siku: chupa nzima inamwagwa, na lazima imwagwe, kwa sababu mate yameshaingia. Tengeneza pungufu kwa kijiko 1 pamoja na maji yake, umwongezee akidai. Maziwa yaliyotengenezwa lakini hayajaguswa hukaa saa 2 nje, au saa 24 kwenye friji. Maji ya kukorogea yasiwe chini ya nyuzi 70, yaani yamechemka na hayajapita nusu saa. Kisha ipoze chupa kabla ya kumpa.

Bei kubwa mara nyingi ni ya kopo na matangazo yake. Ila kama daktari amemwandikia maziwa maalumu, usibadilishe bila kumuuliza. Akifikisha miezi 12, maziwa ya kawaida ya mnyama yasiyoondolewa mafuta, yaliyochemshwa, yanatosha. Makopo ya "hatua ya 3" si ya lazima.

Vitu gani vilivyotumika nisinunue? (Mjamzito)

Kiti cha mtoto cha kwenye gari ambacho hujui kilikotoka. Ajali moja huweza kuacha ufa usioonekana kwa macho. Kitanda kinafaa ikiwa nafasi kati ya fito haizidi sentimita 6, ubavu wake haushuki, na godoro ni gumu na limejaa pembeni kiasi kwamba vidole 2 havipenyi. Midoli ya betri iwe na kifuniko cha skrubu: betri bapa ndogo kama kifungo ikimezwa huanza kuunguza koo ndani ya saa 2. Nguo chukua zote unazopewa. Mtoto hurefuka karibu sentimita 25 mwaka wa kwanza, hivyo nguo nyingi humkataa kabla hazijachakaa. Viatu vingoje mpaka atembee nje.

Ameanza kula, na vichupa vya chakula tayari vinanimaliza. (Mama wa miezi 6)

Chota kwenye sufuria ya nyumbani kabla hujatia chumvi, ponda, jaza kwenye trei ya barafu. Vikiganda, hamishia kwenye mfuko safi, andika tarehe, uvimalize ndani ya mwezi 1. Kila kipande ni kama kijiko 1 hadi 2 vya chakula, na mtoto anayeanza hutosheka na vijiko 2 hadi 3 vya chakula kwa mlo. Kipashe mpaka kitoe mvuke, kipoe, umlishe. Kilichobaki hakigandishwi tena. Nyama, mayai na dengu usimbanie, kwani akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo sasa inakwisha. Asali ndiyo usimpe kabla ya mwaka 1, hata kama umeipata bure.