Kisima kimeanza kutoa maji ya chumvi: nichimbe zaidi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina kisima cha mita 60 Mbezi Beach, Dar es Salaam, kama nusu kilomita kutoka baharini. Miaka miwili ya mwanzo maji yalikuwa matamu, nikawa nauzia hata maboza. Sasa yana chumvi, hasa jioni baada ya pampu kufanya kazi kutwa. Fundi aliyekichimba anasema tushuke hadi mita 100 tutapata maji mazuri. Nimwamini?

JIBU: Marahaba. Usimlipe kwanza. Kwa dalili hizo, kushuka zaidi huenda kukakupeleka kwenye chumvi yenyewe.

Karibu na pwani, maji matamu ya ardhini hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya mchangani, kwa sababu maji ya bahari ni mazito zaidi kwa kama asilimia 2.5. Hesabu tunayoanza nayo ni hii: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Igeuze sasa. Mkishusha maji kwa nusu mita mtaa mzima, mpaka wa chumvi unaweza kupanda hadi mita 20. Haupandi kwa siku moja, ndiyo maana mwanzoni hukuona tatizo. Ila chini ya pampu inayovuta kwa nguvu, chumvi huinuka haraka zaidi, imechongoka kama kichuguu. Na haihitajiki nyingi: maji ya bahari yana kloridi (sehemu kuu ya chumvi) kama miligramu 19,000 kwa lita, na ulimi huanza kuihisi kwenye 250 hivi. Mchanganyiko wa asilimia moja na nusu tu unatosha kukuharibia chai.

Fundi atakutajia Kimbiji, kule Kigamboni, ambako visima vya mradi wa serikali vimeshuka mamia ya mita na maji ni matamu. Ni kweli. Lakini yale ni maji ya tabaka jingine la chini kabisa, na visima vilichimbwa baada ya utafiti mrefu. Mita 40 za kuongeza uani kwako hazikufikishi huko.

Kabla ya lolote, tafuta kipimo cha mkononi cha uwezo wa maji kupitisha umeme; chumvi ikizidi, namba hupanda. Acha pampu ipumzike usiku kucha, pima asubuhi unapoiwasha tu, kisha ikiwa imefanya kazi kwa nusu saa, kwa saa 2 na kwa saa 6. Namba ikipanda kadiri unavyovuta na kushuka baada ya mapumziko, tatizo ni mvuto wako, na linatibika. Ikiwa juu saa zote, chumvi imeshaingia kwenye tabaka lenyewe. Peleka pia chupa moja maabara wapime naitreti, kemikali ambayo kinyesi huiacha ardhini. Ikizidi miligramu 50 kwa lita, vyoo vya shimo na makaro vinachangia, maana navyo hutia kloridi ardhini, na hapo chumvi ndiyo shida yako ndogo.

Likiwa tatizo ni mvuto, badilisha pampu. Ukivuta lita 5,000 kwa saa kwa saa 4, unapata lita 20,000. Pampu ndogo ya lita 1,000 kwa saa ikifanya kazi saa 20 inakupa zilezile, lakini maji kisimani yanashuka kwa takriban moja ya tano tu. Ipandishe juu kidogo ndani ya bomba. Kama matundu ya bomba yanafika hadi chini kabisa, fundi mzuri anaweza kuziba mita za mwisho kwa saruji. Yaani badala ya kuongeza kina, unakipunguza. Mafundi wengi hawapendi ushauri huu kwa kuwa wanalipwa kwa mita.

Biashara ya maboza, samahani, isimamishe. Jiji lina watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya 2022, na kila mto Ruvu, unaolisha mabomba ya jiji, unapopungua, kama mwishoni mwa 2021, visima vya watu binafsi ndivyo hukimbiliwa. Jirani yako naye anavuta tabaka hilohilo. Ndiyo sababu Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inadai kibali kwa matumizi ya namna hiyo, na kwa eneo lako ofisi husika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Ukienda kuomba, uliza na vipimo vya visima vya jirani.

Halafu angalia paa lako. Dar hupata mvua ya kama milimita 1,100 kwa mwaka. Paa la mita za mraba 200, ukitoa upotevu, linaweza kukupa lita 170,000 hivi. Weka kwanza kwenye tenki kwa kunywa na kupikia, ziada ielekeze kwenye shimo la kokoto mbali na karo. Usiimwage moja kwa moja kisimani, maana uchafu wote wa paa utaingia nao.

Vipimo vya asubuhi na jioni vikikaribiana na vyote viko juu, bakiza kisima kwa kufulia na kusafisha choo, kisha uombe kuunganishwa na bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam.