Shōgun: kitabu kwanza au tamthilia?

Mdogo wangu wa Chake Chake, umeuliza uanze kusoma Shōgun, riwaya ya Japani ya zamani, au uitizame kwanza, maana kaka yako anashikilia kuwa tamthilia imekiharibu kitabu. Anza na kitabu, ijapokuwa ni kinene kwelikweli. James Clavell alikitoa mwaka 1975, na utamu wake ni kuingia mioyoni mwa watu: mtu anainama mbele ya bwana wake huku moyoni anapanga mengine kabisa. Kamera haikupi hayo yote.

Ila muulize kaka yako anaisema tamthilia ipi, kwani ziko mbili. Ile ya 1980 inamfuata zaidi baharia Mwingereza, na Kijapani kikisemwa aghlabu hakitafsiriwi, nawe upotee kama yeye. Ya 2024, yenye sehemu 10, wanasema Kijapani kwa wingi, tafsiri inapita chini. Hii naipenda mno, hasa Mariko, bibi anayemtafsiria baharia, kwenye lango la ngome ya Osaka, sehemu ya 9. Tafadhali usiitizame kabla hujazifikia kurasa zake.

Na msibishane nani kasema kweli ya historia. Toranaga, bwana mkubwa wa hadithi, ametungwa kutokana na Tokugawa Ieyasu, mtawala wa kweli wa Japani, baharia kutokana na William Adams, aliyefika Japani mwaka 1600. Clavell mwenyewe alibadilisha mengi.