Amani mwezi wa nne na hema? Sogezeni tarehe kwanza

Mkuu, umeuliza kama wewe na washkaji zako mnaweza kwenda kulala msitu wa Amani mwezi wa nne, hema tu, bila umeme wala nini. Mnaweza, ila mwezi wa nne ni masika na kule Usambara Mashariki mvua haina adabu, ile barabara ya kupanda inakuwa utelezi mtupu, mimi ningesogeza mpaka wa saba au wa nane. Halafu mpitie Sigi, pale geti la kuingilia msituni, mlipe kiingilio muonyeshwe pa kupiga hema, ile ni hifadhi ya TFS bwana, wakala wa misitu wa serikali, hujilalii popote unapotaka.

Hema la bei chee poa tu, pesa weka kwenye maturubai mawili. Moja mnatandika chini, na kingo zake mzikunje zisitokeze nje ya hema maana zikitokeza zinakinga maji yote yanaingia chini yenu mnaamka mmelowa chapachapa, la pili mnalifunga juu kwa kamba za katani, Tanga hii katani hatukosi. Masweta lazima, Amani iko kama mita 900 juu ya bahari, sio joto la Raskazone pale Tanga mjini. Kupika bebeni jiko na mkaa, msikate miti. Na kabla ya kulala mulikeni tochi pembeni, mkiona msafara wa siafu hamisheni hema fasta, msibishane nao.